Namna ya Kutengeneza Filamu Fupi ya Dansi kwa Simu, Ukiwa Mwanza

Kila tunapomaliza kuonyesha kazi za vijana wetu hapa Mwanza, baadhi ya watazamaji hubaki nyuma na maswali yale yale. Wanauliza wanunue kamera gani, waweke wimbo gani, na kwa nini dansi iliyowainua watu vitini ukumbini imepoa kabisa ilipotazamwa kwenye simu. Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi, na sasa nimeona niyaandike kwa utaratibu ili anayeanza awe na pa kurejea.

Swali la tatu ndilo lenye uzito, kwa hiyo nalijibu mapema. Ukumbini mtazamaji huchagua mwenyewe pa kuangalia, husikia kishindo cha miguu sakafuni na huona jasho. Kwenye filamu yote hayo unamchagulia wewe. Ukisimamisha simu mbali na kurekodi dansi nzima kutoka mwanzo hadi mwisho, utakuwa na kumbukumbu ya onyesho. Filamu ya dansi ni kazi nyingine: mwili na kamera hutungwa pamoja, na kisa hubebwa na mwendo wenyewe badala ya maneno. Mwongozo huu unakufundisha kutengeneza moja yenye urefu wa dakika mbili hadi nne, ukiwa na mchezaji mmoja na simu ya kawaida.

Mahitaji kabla ya kuanza

Tafuta mchezaji mmoja tu. Wanaoanza hupenda kuleta kundi la watu wanane kwa sababu kundi linapendeza, kisha wanatumia siku nzima kupanga mistari na hawapati hata uso mmoja uliosema kitu. Mchezaji huyo si lazima awe amesomea dansi. Muhimu ni awe tayari kurudia tendo moja mara ishirini bila kuchoka rohoni.

Simu iwe na uwezo wa kurekodi kwa ubora wa 1080, na iwe na nafasi ya gigabaiti 10 iliyo wazi. Dakika moja ya video ya aina hiyo huchukua takriban megabaiti 130, kwa hiyo saa nzima ya kurekodi hukaribia gigabaiti 8. Hamisha picha za zamani nyumbani, usiku wa kuamkia kazi, maana nafasi ikiisha katikati ya kurekodi utafuta kitu ambacho hukutaka kukifuta.

Beba stendi ya simu. Kama huna, jaza mchanga au mchele kwenye mfuko mdogo wa kitambaa, ufunge vizuri, uuweke juu ya jiwe na ukalize simu katikati yake. Hukaa imara kuliko stendi nyingi za bei ndogo, hasa penye upepo. Beba pia pawabanki, kitambaa safi cha kufutia lenzi, maji ya kunywa, ndala za mchezaji na kanga mbili. Kanga ya kwanza ni ya mchezaji kubadilishia nguo na kujifunika anapopumzika. Ya pili utajifunika wewe kichwani pamoja na simu ili uone kioo wakati jua ni kali.

Mwisho, tafuta msaidizi ambaye hatashika kamera. Kazi yake ni kulinda mizigo, kuzungumza na watu wanaopita na kumwangalia mchezaji asiteleze. Usidharau nafasi hii, kwa sababu macho yako yatakuwa kwenye kioo muda wote.

Hatua ya 1: Tafuta tendo moja ambalo mwili tayari unalijua

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, na hapa ndipo wengi wanapopita haraka. Anayeanza huchagua wimbo kwanza, kisha anatunga hatua za kuujaza. Matokeo yake ni dansi inayofanana na nyingine zote zilizochezwa kwa wimbo ule. Anza na mwili wa mtu uliye naye. Muulize mikono yake imefanya kazi gani tangu utotoni, nani alimfundisha, na mwili wake hufanya nini pasipo yeye kuuamuru.

Nitatoa mfano mmoja kwa ukaribu. Msichana mmoja tuliyefanya naye kazi alikulia pembeni mwa mwalo, pale mitumbwi ya wavuvi inapoegeshwa, na mama yake huanika dagaa. Alipoulizwa swali hilo alisema hajui kucheza chochote cha maana. Tukamwomba atuonyeshe tu namna dagaa wanavyoanikwa. Alichukua kiganja cha hewa kutoka kwenye ndoo isiyokuwepo, akakirusha chini kwa kugeuza kifundo cha mkono, na vidole vikafunguka kimoja kimoja kuanzia kidole cha mwisho hadi gumba, ili samaki watawanyike bila kulaliana. Macho yake hayakuufuata mkono. Yalikuwa yameshatangulia mahali samaki watakapoangukia. Kisha akarudi nyuma hatua moja ndogo, kisigino kikiwa juu, ili asikanyage alichokwisha kukianika. Tendo zima lilikuwa la sekunde nne. Tulimwomba alirudie, na tulipokuwa tunamtazama tulijua tayari filamu tunayo.

Ukishalipata tendo la namna hiyo, libadilishe kwa njia tatu, moja baada ya nyingine, na uandike kwenye daftari kilichotokea:

Kwanza badilisha kasi. Tendo la sekunde nne lifanywe kwa sekunde thelathini, kisha kwa sekunde moja.

Pili badilisha ukubwa. Mrusho ulioanzia kwenye kifundo uanzie kwenye kiwiko, kisha begani, kisha kiunoni, mpaka mgongo wote uwe unaanika. Halafu urudishe udogo, hadi ubaki kwenye kidole kimoja.

Tatu badilisha mahali. Lifanywe kwa magoti, kwa kulala chali, kwa kugeukia ukuta, au mguu ufanye kile ambacho mkono ulikuwa ukifanya.

Wakati wa zoezi hili mchezaji atafika mahali ambapo tendo linaacha kuwa la kazi na kuanza kuwa lake. Msichana wetu alipofika kwenye sekunde thelathini, mkono ulisita kabla ya vidole kufunguka, kana kwamba hautaki kuachia. Hakuna aliyempangia kusita huko. Ukiona kitu kama hicho, simamisha kila kitu na umwombe akirudie akiwa bado anakikumbuka.

*Kosa la kawaida:* kuchukua mchezo wa ngoma ya asili na kuupachika kwenye filamu kama pambo. Usukumani tuna hazina kubwa ya miondoko. Ngoma ya bugobogobo huchezwa kwa majembe na imetokana na kilimo cha pamoja, na vyama vya Bagika na Bagalu vimeshindana kwa ngoma kwa vizazi vingi. Ukitaka kutumia miondoko hiyo, nenda ukajifunze. Bujora, pale Kisesa, ipo makumbusho ya Wasukuma iliyoanzishwa na Padre David Clement, na sherehe za Bulabo hufanyika huko mwezi Juni. Zungumza na kiongozi wa ngoma, yule ambaye Wasukuma humwita ningi, umweleze unachokusudia na umwombe ridhaa. Mzee atakayeona jembe la bugobogobo likizungushwa na mtu asiyejua hata linavyoshikwa shambani ataumia, na ana haki ya kuumia.

Hatua ya 2: Andika kisa kwa sentensi tatu

Sentensi ya kwanza iseme mwili unafanya nini. Ya pili iseme nini kinabadilika. Ya tatu iseme mwili umefika wapi. Kisa chetu kiliandikwa hivi: “Binti anarusha dagaa kama mama yake. Mkono unaanza kukataa kufunguka. Anarusha mara ya mwisho, kiganja ni kitupu, na kwa mara ya kwanza anakitazama.”

Angalia kwamba hakuna sentensi inayosema “anajitafuta” au “anapambana na utambulisho wake”. Maneno hayo hayachezeki. Mchezaji akiambiwa ajitafute atashika kichwa na kuzunguka zunguka, na nimeliona hilo mara nyingi kiasi kwamba siku hizi ninayakataza maneno hayo siku ya kwanza. Andika vitendo vinavyoonekana kwa jicho. Kama kisa kinamhusu mtu aliyehama kutoka Ukerewe kuja mjini, sema miguu yake inatembeaje kisiwani na inatembeaje kwenye msongamano wa barabara. Mtazamaji atalipata swali la yeye ni nani bila kuambiwa.

Hatua ya 3: Chagua mahali na saa

Mwanza imejengwa juu ya mawe kando ya Ziwa Victoria, na kishawishi cha kwanza ni kwenda kwenye Jiwe la Bismarck kwa sababu kila mtu analijua. Kwa filamu ya kwanza ningekushauri uliache. Jiwe hilo limekwisha kuwa picha ya posta, na mtazamaji ataliona lenyewe kabla ya kumwona mchezaji. Tafuta mahali panapohusiana na tendo: ua wa nyumba huko Igogo au Mabatini penye ngazi zilizopenya kati ya mawe, ukingo wa mwalo, au chumba chenye dirisha moja.

Kuhusu mwanga, jua letu huchomoza kati ya saa 12:25 na saa 1:00 asubuhi kutegemea mwezi, na huzama karibu saa 1:00 jioni. Muda mzuri ni dakika tisini za kwanza baada ya jua kuchomoza na dakika sitini za mwisho kabla halijazama. Kwa kuwa mji upo upande wa mashariki wa ghuba, asubuhi jua hutokea nchi kavu, kwa hiyo mchezaji akisimama na ziwa nyuma yake atapata mwanga usoni. Jioni mambo hugeuka: jua linazama upande wa maji na mchezaji yule yule huwa kivuli cheusi. Vyote viwili vinafaa, mradi umechagua wewe. Kuanzia saa 4:00 asubuhi hadi saa 10:00 alasiri jua huwa juu sana, macho huzama kwenye vivuli na mawe huakisi mwanga kama bati jipya. Muda huo utumie kwa mazoezi ya ndani au kwa shoti, yaani vipande vya video vinavyorekodiwa bila kukatiza, zilizo chini ya paa.

Upepo nao una ratiba. Asubuhi na mapema ziwa huwa limetulia, na kadiri nchi kavu inavyopata joto, upepo huanza kuvuma kutoka majini, ukizidi alasiri. Kama nguo ya mchezaji inatakiwa kupepea, njoo alasiri. Kama unataka kusikia pumzi yake, njoo alfajiri.

*Tahadhari tatu ambazo hazina mjadala.* Usimwingize mchezaji majini bila kufikiri, hata kama maji yanaishia kwenye vifundo vya miguu. Kichocho kipo katika Ziwa Victoria, nacho huingia kupitia ngozi pale penye maji yaliyotulia na majani ambamo konokono huishi. Kama filamu haiwezi kukwepa maji, mweleze mchezaji waziwazi, aamue mwenyewe, na baadaye aende kituo cha afya kupimwa. Pili, waulize wavuvi wa eneo hilo kuhusu mamba na viboko. Wao ndio wanaojua. Tatu, mawe ya itale yaliyolowa na kuota mwani huteleza kama sabuni, na yaliyokaa juani tangu asubuhi huunguza nyayo. Weka kiganja chako juu ya jiwe kwa sekunde kumi kabla ya kumruhusu mtu akanyage peku. Ukishindwa kuvumilia, naye asikanyage.

Hatua ya 4: Omba ruhusa

Filamu zinazokusudiwa umma husimamiwa na Bodi ya Filamu Tanzania chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, kwa hiyo ulizia utaratibu mapema kupitia afisa utamaduni wa halmashauri yako. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa na kina taratibu zake. Bandarini na kwenye vivuko usirekodi bila kibali, na ndege isiyo na rubani usiirushe mahali popote kabla ya kupata vibali vya mamlaka husika.

Ruhusa ya watu ni muhimu zaidi kwa moyo wa kazi. Mwaloni nenda kwanza kwa uongozi wa mwalo, mtaani nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa wale ambao kazi yao itaonekana. Usianze kwa kutoa simu mfukoni. Anza kwa “Shikamoo, mama,” subiri marahaba yako, eleza ulikotoka na unachotaka kufanya, na uulize ni saa ngapi hamtawazuia kazini. Mara nyingi watakuelekeza mahali pazuri kuliko ulipopaona wewe. Mtu akikataa kuonekana, geuza kamera, usimbembeleze.

Hatua ya 5: Panga shoti chache

Shoti nane hadi kumi na mbili zinatosha. Chora kila moja kwenye daftari kama kisanduku, hata kama huchori vizuri, na uandike chini yake ni sehemu gani ya mwili inayoonekana na ni sehemu gani ya kisa. Changanya shoti pana inayoonyesha mwili wote na mahali, shoti ya kati kuanzia kiunoni, na shoti ya karibu sana: kifundo cha mkono, kisigino, shingo inapomeza mate.

Fikiria pia namna shoti moja itakavyoingia kwenye nyingine. Mwaka 1945 msanii Maya Deren alitengeneza huko Marekani filamu ya dakika chache akiwa na mchezaji Talley Beatty, ambamo mchezaji anainua mguu msituni na kuushusha ndani ya nyumba. Mwendo ni mmoja, mahali ni pawili. Mbinu hiyo haihitaji fedha yoyote. Binti anaweza kuanza kurusha akiwa ufukweni na vidole vikafunguka akiwa darasani, mradi mkono upo mahali pale pale kwenye kioo, unaelekea upande ule ule na una kasi ile ile katika shoti zote mbili. Kwa hiyo mpigie shoti ya pili ukiwa umefungua ya kwanza kwenye simu nyingine, ulinganishe.

Hatua ya 6: Tayarisha simu

1. Futa lenzi. Ukungu mwingi ambao watu huilaumu kamera ni mafuta ya vidole.
2. Weka simu kwenye hali ya ndege, ili isiite katikati ya shoti.
3. Chagua fremu 25, yaani picha 25, kwa sekunde kama simu inaruhusu. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa za ndani hupepesa video ya fremu 30 mara nyingi kuliko ya fremu 25. Programu ya kamera ikikuruhusu kuchagua kasi ya shata, yaani muda ambao kila picha hupokea mwanga, weka 1/50 ya sekunde.
4. Kwa shoti utakazozipunguza kasi baadaye, rekodi kwa fremu 50 au 60. Zipunguze hadi nusu, usizidishe hapo.
5. Gusa ngozi ya mchezaji kwenye kioo, ushikilie mpaka fokasi na mwangaza vifungwe. Simu ikiachwa ijiamulie, hupima anga na maji yanayong’aa, kisha humfanya mchezaji mwenye ngozi nyeusi asionekane uso. Pima kwa ngozi. Anga ikififia iache ififie.
6. Usivute picha kwa vidole. Sogea kwa miguu.
7. Zima kila kichujio cha “urembo”. Vichujio hivyo hulainisha na kung’arisha ngozi, na katika kazi inayohusu mwili wa mtu na utu wake, kumbadilishia rangi ni kumkana.

Hatua ya 7: Rekodi

Mchezaji apashe mwili joto kwa dakika kumi na tano, kuanzia vifundo vya miguu hadi shingo, hasa kama ni alfajiri. Rekodi kwanza dansi nzima kwa shoti pana bila kukatiza, mara mbili. Hiyo ndiyo akiba yako. Baada ya hapo rekodi kila kipande kwa ukaribu.

Katika kila kipande mwombe aanze tendo moja kabla ya lile unalolitaka, na amalizie tendo moja baada yake. Mikia hiyo miwili ndiyo itakayokupa mahali pa kukata. Anayeanza hubonyeza kitufe mkono ukiwa tayari hewani na kuzima kabla haujatua, kisha wakati wa kuhariri anakuta vipande visivyoshikana.

Kamera ikisogea, isogee kwa sababu inayotoka mwilini. Mchezaji akirudi nyuma hatua moja, nawe rudi hatua moja, au baki ulipo umwache apungue kwenye kioo. Amua lipi linasema kisa chako. Unapotembea na simu, ishike kwa mikono miwili, viwiko vikigusa mbavu, magoti yakiwa yamelegea, na upumue pamoja na mchezaji. Fanya mazoezi ya mwendo wako kama yeye anavyofanya ya kwake.

Usipige muziki kwa sauti wakati wa kurekodi, la sivyo utaufunga uhariri wako na wimbo huo. Hesabu kwa sauti, au mwache acheze kwa pumzi yake. Mwishoni wanyamazishe watu wote na urekodi sauti ya mahali kwa dakika moja: maji yakigonga mawe, injini ya mtumbwi mbali, kunguru. Sauti hiyo utaihitaji kuliko unavyodhani.

*Kosa la kawaida:* kurudia shoti mara nyingi mno. Baada ya mara ya nane mwili huanza kuigiza kile ulichofanya kweli mara ya tatu. Pumzikeni, mle kitu, mbadilishe shoti.

Hatua ya 8: Hariri bila sauti kwanza

Programu yoyote ya kuhariri inatosha. CapCut na KineMaster hufanya kazi kwenye simu, na mwenye kompyuta nzuri anaweza kutumia DaVinci Resolve katika toleo lake la bure. Zima sauti yote, upange vipande kwa kufuata zile sentensi tatu. Kata wakati mwendo unaendelea, kamwe usikate baada ya mwili kusimama, isipokuwa kusimama huko ndiko kunakosimuliwa. Acha madoido ya kuzungusha na kumeremeta.

Filamu ikieleweka ikiwa kimya, rudisha sauti ya mahali, kisha pumzi na miguu, na mwisho kabisa muziki kama bado unahitajika. Muziki wa mtu mwingine unalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kwa hiyo omba ruhusa kwa maandishi au mtafute mpiga ngoma, marimba au zeze wa mtaani kwako, mrekodi naye, mkubaliane malipo na jina lake liandikwe.

Hatua ya 9: Mwonyeshe mchezaji kabla ya mtu mwingine yeyote

Kaa naye, mtazame filamu nzima, kisha mwache aitazame tena akiwa peke yake. Mwili unaoonekana ni wake, na ndugu zake wataiona. Akisema shoti fulani itoke, itoe, hata kama ndiyo uliyoipenda kuliko zote. Makubaliano ya mahali itakapoonyeshwa yaandikwe na kusainiwa, na kama ana umri chini ya miaka 18, mzazi au mlezi ahusishwe tangu hatua ya kwanza.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

*Taa za ndani zinapepesa kwenye video.* Rudi kwenye fremu 25 na shata ya 1/50 au 1/100. Ikishindikana, zima taa usogee dirishani.

*Sauti imejaa upepo.* Sauti hiyo haiponi. Rekodi upya miguu na pumzi mahali palipotulia, huku mchezaji akiitazama video na kurudia mwendo. Siku nyingine geuza simu iupe upepo mgongo.

*Mchezaji anaonekana mzito na mvivu.* Mara nyingi kamera ipo mbali na imewekwa juu mno. Shuka hadi usawa wa kiuno chake na usogee karibu. Ikiwa bado, kata nusu sekunde mwanzoni mwa kila kipande.

*Mkato unaruka.* Mwili umebadili upande kati ya shoti mbili, au nguo na nywele hazifanani. Weka katikati yake shoti ya karibu ya mkono au mguu.

*Watoto wamejaa kwenye kioo.* Usiwafukuze. Msaidizi awakusanye, awaonyeshe shoti moja kwenye simu yake, kisha awape kazi ya kulinda ukimya. Huilinda vizuri sana.

*Wingu la wadudu wadogo wa ziwani limeshuka.* Subiri au hamia ndani. Watajaa puani na mdomoni mwa mchezaji, na hakuna dansi ya kufanywa hapo.

*Video imeharibika ubora baada ya kuitumia wenzako.* Itume WhatsApp kama dokumenti badala ya video, na uhifadhi nakala halisi mahali pawili tofauti.

*Mtazamaji anasema hakuielewa.* Usimweleze. Muulize aliona nini na kwa mpangilio gani. Akitaja ziwa, mawe na nguo peke yake, rudi kwenye hatua ya kwanza na ya pili. Akikosa maneno, lakini akainua mkono wake na kukuonyesha namna binti alivyosita kabla ya kufungua vidole, iache filamu kama ilivyo.